Gari Linakunywa au Bei Imepanda? Kutafuta Mafuta Yanakoishia

Ukiingia sheli yoyote Dar es Salaam, unapokelewa na swali moja: "Bosi, ya shilingi ngapi?" Nawe unajibu, "Weka ya elfu ishirini." Hakuna aliyetaja lita. Mhudumu ameikazia macho namba ya shilingi, wewe pia, na ile ya lita inazunguka peke yake bila wa kuitazama. Nina miaka kadhaa nabeba abiria kwa Toyota IST, na malalamiko mengi ninayoyasikia kijiweni ya "gari yangu siku hizi inakunywa" yanazaliwa hapohapo kwenye pampu.

Chukua hesabu hii. Agosti 2022 bei kikomo ya petroli Dar es Salaam, yaani ya juu kabisa inayoruhusiwa, ilifika Sh3,410 kwa lita. Elfu ishirini ilikupa lita 5.87, na gari la kilomita 12 kwa lita lilikupeleka kilomita 70. Kufika Januari 2023 bei ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya Sh500. Tuseme umeweka kwa 2,850: elfu ishirini ileile ni lita 7.02, kilomita 84. Sasa jaalia katikati ya miezi hiyo breki moja ilianza kushika, na gari likashuka hadi kilomita 10 kwa lita. Lita 7.02 mara 10 ni kilomita 70. Elfu ishirini yako inakufikisha palepale pa siku zote, unaona mambo shwari, kumbe gari linaumwa na bei iliyoshuka inakufichia ugonjwa. Mwezi bei ikipanda ndipo unakimbilia gereji kutibu gari ambalo huenda siku hiyo halina kipya.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu fundi, sheli au serikali, ipate kwanza namba ya kilomita kwa lita. Bila hiyo, yote yaliyo hapa chini ni kupiga ramli.

Kuipata namba

Jaza fulu tanki mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, kisha iache hapo. Usimruhusu mhudumu aendelee kuminya, wala usilitikise gari ili "yashuke". Rudisha tripu, ile mita ya kilomita za safari kwenye dashibodi, kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako mpaka tanki lipite nusu, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa limesimama upande uleule, ujaze tena mpaka ikate. Kilomita za tripu gawa kwa lita za stakabadhi ya leo. Narudia, ya leo. Wengi hugawa kwa lita za safari iliyopita, wakati yale mafuta ya kwanza yalikuwa ya kujazia tanki tu. Yaliyotumika ni haya unayoyarudishia sasa.

Najua wengi hatujazi fulu tanki. Ukiwa mtu wa elfu kumi kumi, tumia taa. Siku taa ya mafuta inapowaka ukiwa barabara tambarare, andika kilomita za dashibodi. Kuanzia hapo andika lita za kila stakabadhi, hata kama ni lita tatu. Baada ya wiki tatu au mwezi, taa inapowaka tena kwenye tambarare, andika kilomita na ujumlishe lita zote. Taa ni alama ya kubahatisha kidogo, lakini ukishajumlisha lita 60 au 80, kosa la lita moja halikusumbui.

Andika papo hapo kwenye daftari. Karatasi za stakabadhi hufutika kwa joto. Ukiiacha juu ya dashibodi siku mbili Mbezi hadi Posta, unabaki na karatasi nyeupe.

Pesa zimeongezeka, kilomita kwa lita ni zilezile

Gari lako ni zima. Ni bei.

Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei mpya huanza saa 6:01 usiku. Bei hizo hutofautiana kwa kufuata bandari mafuta yaliyopokelewa, Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, na umbali wa kuyasafirisha. Ndiyo maana aliye Kagera hawezi kulipa sawa na aliye Temeke. Ukipiga *152*00# na kufuata maelekezo, unapata bei kikomo ya eneo lako bila malipo. Kumbuka ni kikomo, yaani dari. Sheli inaruhusiwa kuuza chini ya hapo, na zipo zinazofanya hivyo kwa shilingi kadhaa. Kenya, EPRA, mamlaka yao ya nishati na petroli, hutangaza tarehe 14 na bei hushika kuanzia tarehe 15. Wa Nairobi hawajaisahau Oktoba 2023, petroli ilipofika Sh217.36 za kwao.

Habari ikisema mafuta ghafi yameshuka duniani, usitegemee kesho yake kuona tofauti. Unachouziwa leo kilinunuliwa na kupakiwa melini wiki nyingi nyuma, kwa bei ya wakati ule, na shilingi yetu nayo inaweza kuwa imeteleza mbele ya dola njiani. Bei ya dunia inashuka, ya hapa inapanda, na habari zote mbili ni za kweli.

Je, ukakimbilie sheli Jumanne usiku kabla bei mpya haijaanza? Piga hesabu. Bei ikipanda Sh100 na wewe unaweka lita 30, umeokoa Sh3,000. Ukikaa nusu saa kwenye foleni injini inaunguruma na AC inapuliza, gari dogo limeshakula karibu nusu lita, zaidi ya elfu moja imeondoka. Kwa mwenye Noah la safari ndefu anayejaza kila siku mbili, sawa. Kwa anayeweka ya elfu ishirini, ni kheri alale.

Namba inarukaruka: leo 14, kesho 9, keshokutwa 13

Gari haliugui na kupona kwa siku tatu. Hapa anayeumwa ni mpimaji. Ukirudishia lita 10 tu, na safari hii pampu imekata mapema kwa lita moja, kosa ni asilimia 10 nzima. Ukirudishia lita 35, lita hiyohiyo ni kama asilimia 3. Jumlisha kilomita za mijazo mitatu, jumlisha lita zake, ndipo ugawe.

Imeshuka ghafla baada ya kujaza mahali fulani

Hapa kila dereva ana mkosaji wake tayari. Enda taratibu. Kwanza stakabadhi: lita ni ngapi, bei kwa lita ni ile iliyo kwenye bango? Je, pampu ilianza kwenye sifuri ukiwa unaangalia, au ulikuwa kwenye simu? Tazama pia kama pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

Msemo wa "tanki langu ni lita 42, wameniwekea 44, wezi hao" si ushahidi. Lita za kwenye kitabu ni za tanki lenyewe. Shingo na mabomba navyo vinashika kidogo, hasa mhudumu akiendelea kuminya baada ya pampu kukata. Dumu nalo si kipimo: dumu tunaloliita la lita 20 likijaa hadi mdomoni hubeba zaidi ya 20, kwa hiyo mafuta kutofika juu hakumaanishi umepunjwa. Wakala wa Vipimo wana chombo chao maalumu cha lita 20 chenye mstari, na hicho ndicho kinachohukumu. Kama tanki moja limekwenda kinyume, andika tu. Likijirudia mara mbili kwa pampu ileile huku sheli nyingine zikikupa namba ya kawaida, peleka malalamiko na stakabadhi mkononi. Bila stakabadhi ni hadithi ya kijiweni.

Mafuta mabaya ni jambo jingine, nayo hujitangaza: gari linakosa nguvu mlimani, linatetemeka likiwa limesimama, asubuhi haliwaki vizuri. Kama kilomita zimeshuka lakini gari linavuta kama kawaida, usianzie kwenye ubora wa mafuta.

Imeshuka baada ya kutoka gereji

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu ina tarehe. Daftari linakuonyesha wiki ambayo namba iligeuka, na wiki hiyo kuna mtu aliyeshika spana.

Langu lilikuwa likinipa kilomita 11 kwa lita za mjini, juu chini. Siku moja rejeta ilivuja, nikampelekea fundi mmoja, akaziba vizuri tu. Wiki mbili baadaye daftari linasoma 9.4. Nikajaza tena, 9.3. Hakuna moshi, hakuna kelele, gari linavuta. Bei mwezi ule haikuwa imebadilika sana, na kama ningekuwa bado nahesabu kwa shilingi ningesema ni foleni za Kimara. Nikaona kitu kimoja: mshale wa joto, ambao siku zote husimama karibu na katikati, sasa ulikuwa unabaki chini, na nikishuka kwa kasi asubuhi ulirudi chini zaidi. Nikamrudia fundi. Hakuficha.

"Kaka, ile themostati nimeitoa. Joto la Dar hili, ya nini? Inazuia maji tu."

Mafundi wetu wengi hufanya hivi kwa nia njema. Lakini themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Japan peke yake. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inakaa vuguvugu, na kompyuta ya gari ikiona maji hayajapata joto inadhani ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Inaendelea kumwaga mafuta ya ziada kama ya kuwashia. Gari linaishi asubuhi siku nzima. Tuliirudisha, mpya, na mjazo wa pili daftari likasoma 10.9. Ukipima kwa kompyuta ya gereji, tatizo hili mara nyingi huja na kodi (namba ya hitilafu) P0128, ila magari ya Japan ya miaka ile si yote yanayosomeka kwa vile vifaa vya bei rahisi, kwa hiyo mshale wa joto bado ni shahidi mzuri.

Mabadiliko mengine ya gereji ya kuulizia: oili nzito. Injini inayotaka 5W-30 ukiijaza 20W-50 kwa sababu "hii inakaa sana", inasukuma uji. Hasara yake si kubwa kama ya themostati, lakini ipo kila kilomita.

Halafu matairi, na hapa kuna mtego wa kuchekesha. Ukitoka 175/65R14 ukaweka 185/70R14 ili gari linyanyuke kidogo kwa ajili ya mashimo, tairi jipya lina kipenyo kikubwa kwa zaidi ya asilimia 5. Mita ya gari haijui. Inahesabu mizunguko ileile, kwa hiyo kila kilomita 100 inazokuandikia umekwenda 105. Daftari litasema gari limeanza kunywa, kumbe sehemu ya hasara hiyo ni kilomita zisizoandikwa. Pima kwa ramani ya simu kwenye safari ndefu, mfano Dar hadi Chalinze, ulinganishe na tripu.

Inashuka polepole, mwezi hadi mwezi

Upepo kwanza. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kwenye nguzo, mara nyingi kwa Kijapani, lakini namba zinasomeka: 230 kPa au 2.3 ni kama 33 za pampu zetu. Wajaza upepo wengi huweka 30 kwa kila gari linalopita, la mizigo na la harusi. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi.

Kisha ea klina ya vumbi, plagi zilizochoka, alaimenti iliyohama baada ya kupiga shimo. Tairi likilika upande mmoja, ujue linaburuzwa na unalipia mburuzo huo mara mbili, kwa mafuta na kwa tairi.

Na breki inayoshika. Endesha kama robo saa barabara isiyo na foleni, kisha liache gari lipungue lenyewe bila kukanyaga breki sana, usimame. Sogeza kiganja karibu na rimu, usiishike. Moja ikiwa na joto la pekee kuliko wenzake wa upande wa pili, umempata. Fundi alinyanyue gurudumu hilo alizungushe kwa mkono. Likizunguka kwa shida au lisipomaliza hata mzunguko mmoja, pini za kalipa zinataka kusafishwa na kupakwa grisi, au pistoni imeganda. Ni kazi ya nusu siku.

Moshi mweusi, au harufu ya petroli

Moshi mweusi kwenye ekzosi unamaanisha mafuta mengi kuliko hewa. Chomoa plagi: rangi ya kahawia au kijivu ni nzuri, masizi makavu meusi yanasema injini inalishwa kupita kiasi. Watuhumiwa ni sensa ya oksijeni iliyochoka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, au nozeli inayochuruzika. Kodi ya kawaida kwenye kompyuta ya gereji ni P0172. Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Usikubali isuguliwe kwa kitambaa wala kupuliziwa dawa ya breki, waya wake ni mwembamba sana. Na taa ya injini kutowaka si cheti cha afya. Wapo waliouza magari yaliyochomolewa balbu hiyo. Washa swichi bila kupiga stata uone kama inawaka.

Harufu gari likiwa limesimama asubuhi ni mvujo, na mvujo si suala la kilomita kwa lita. Usiliwashe. Mwite fundi lilipo gari, na asije na sigara.

Mjini linakunywa, safari liko sawa

Hilo ni gari zima lililo kwenye foleni. Kusimama ni kilomita sifuri kwa lita, na Ubungo hata gari jipya linasimama. Weka kurasa mbili kwenye daftari, ya mjini na ya safari, usizichanganye. Langu mjini 11, Morogoro na kurudi 15.

Likiwa kinyume, mjini kawaida na safari baya, jiangalie mguu. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi: kutoka 80 hadi 110 unakaribia kuwa maradufu. Kerea tupu juu ya paa nalo linalipiwa. Kama mguu hauna kosa na paa ni tupu, rudi kwenye zile rimu ukatafute breki inayoshika.

Geji inashuka haraka nusu ya pili

Umbo la tanki na boya lake tu. Geji si kipimo, achana nayo.

Tangazo la Japan lilisema 18 kwa lita

Magari mengi tuliyonayo yalipimwa kwa mtihani wa zamani wa Japan uitwao 10-15, gari likiwa juu ya rola ndani ya chumba, bila AC, bila mashimo, bila abiria wanne na magunia. Usilishitaki gari lako kwa namba hiyo. Lilinganishe na lenyewe la miezi mitatu iliyopita.

Ukishapata kosa, litengenezwe au liachwe?

Tuseme unakwenda kilomita 60 kwa siku, na gari limetoka 12 hadi 10 kwa lita. Zamani lita 5, sasa lita 6. Lita moja kwa siku, kwa bei ya 3,000, siku 26 za kazi, ni Sh78,000 kwa mwezi. Fundi akikwambia kalipa na kazi yake ni 150,000, hiyo inarudi ndani ya miezi miwili. Anayeendesha kwenda kanisani Jumapili tu, kilomita 20 kwa wiki, anapoteza theluthi moja ya lita kwa wiki, kama Sh1,000. Huyo kwa upande wa mafuta anaweza kungoja mwaka, ila kama kosa lenyewe ni breki, asingoje hata Jumapili ijayo.